Sauti ya Baba, Jina la Mwana

Arlo Skogen na mwanawe Brandt walikuwa na sauti moja. Tangu Brandt alipobalehe, mtu aliyepiga simu nyumbani kwao hakuwa na hakika anaongea na nani: ilikuwa sauti ile ile nzito ya puani, na kile kigugumizi kidogo kinachomjia mtu kabla ya kutaja jina lake. Kocha wa mieleka aliwahi kumgombeza Arlo robo saa nzima kwa kukosa mazoezi. Arlo akamwacha amalize, akaomba radhi, akaahidi kwamba hilo halitatokea tena. Nyumbani walicheka wiki nzima.

Siku hizo kilikuwa kichekesho tu.

Arlo alikuwa dereva wa lori la maziwa. Kila alfajiri alizunguka mashamba kumi na moja katika vilima vya magharibi ya Wisconsin, akavuta maziwa kwa bomba kutoka matangi ya wakulima, akayapeleka kiwanda cha jibini. Katika kila shamba aliandika uzito, kiwango cha baridi na saa. Ilikuwa kazi ya namba, na namba hazikuwahi kumpa shida.

Brandt aliondoka kwenda Chuo Kikuu cha Marl Ridge, mwendo wa saa mbili kwa gari, kusomea mambo ya udongo na mimea. Mwaka wa kwanza alirudi likizo na karatasi za matokeo, mama yake, Marlys, akazisoma kwa sauti mezani, mstari kwa mstari. Mwaka wa pili karatasi zikakatika. Septemba kimya, Oktoba kimya. Akipigiwa simu anasema, "Niko sawa, mama," na mara anadai kuna mtu anamwita. Mtoto wa jirani yao alikuwa ameacha chuo na kuficha jambo hilo mwaka mzima, akiamka kila siku na kwenda kuosha magari, na sasa Marlys hakulala. Akawa anakaa kitandani na kuuliza giza, "Huyu mtoto anasoma kweli?"

Arlo akapiga simu chuoni. Mwanamke aliyepokea alikuwa na adabu zake zote.

"Samahani, baba. Mwanafunzi akishajiunga na chuo, kumbukumbu zake ni zake mwenyewe. Sheria ndiyo inasema hivyo. Akitia saini fomu ya ridhaa, nitakuambia lolote atakaloruhusu."

"Mimi ndiye niliyemzaa."

"Naelewa, baba."

"Sasa nyie huko mnafundisha au mnafuga siri?"

"Vyote viwili, baba," yule mama akajibu bila kupandisha sauti, akamtakia siku njema.

Wiki mbili baadaye, saa sita mchana, Arlo alikuwa ndani ya lori kwenye uwanja wa kiwanda akingoja tangi lioshwe. Amemaliza mkate wake. Mfukoni alikuwa na kitambulisho cha zamani cha chuo cha Brandt alichokikuta kwenye droo ya jikoni, lakini hakuhitaji kukitoa, maana namba zake tisa alikuwa ameshazishika kichwani. Akapiga simu. Safari hii akapokea binti.

"Huduma za Wanafunzi, mimi ni Mai See Vang. Nikusaidie nini?"

"Naitwa..." Kile kigugumizi kikaja chenyewe, wala hakukiita. "Naitwa Brandt Skogen."

Akaulizwa namba, akaitaja. Akaulizwa tarehe ya kuzaliwa, akaitaja. Nani angeijua kuliko yeye, aliyeendesha gari katika theluji ya usiku ule?

"Sawa, Brandt. Sasa nakutumia namba ya siri kwenye simu yako, unitajie."

"Simu yangu imeanguka kwenye maji. Hii nimeazima kwa mzee."

"Aa. Basi kwa utaratibu inabidi upite hapa dirishani na kitambulisho."

"Dada, tafadhali." Hapo sauti ilikatika, na haikuwa maigizo. Machozi yalikuwa yanamtoka kweli. "Nataka tu kujua kama mambo yangu yamekaa sawa. Silali. Nyumbani pia hawalali."

Upande wa pili zikasikika herufi zikibonyezwa.

"Haya, kwanza pumua," binti akasema taratibu. "Mambo yako hayajaharibika. Masomo yote manne unahudhuria. Kemia ilikuwa chini, imepanda. Ile nafasi yako ya mitihani, chumba cha peke yako na muda wa nyongeza, imeshapitishwa mpaka mwisho wa mwaka. Ila msomaji wako wa Alhamisi amebadilika, yule wa zamani amehitimu. Huyu mpya anasoma polepole zaidi, nadhani mtaelewana."

"Msomaji," Arlo akasema.

"Ndiyo, wa kukusomea vitabu. Na kuna kitu kimoja naona hapa nikuulize kabla hujaondoka, maana tunahakikisha kila mwaka. Kwenye fomu yako uliandika tusitoe habari yoyote kwa familia. Halafu pembeni ukaongeza kwa mkono: hasa baba. Tubakishe hivyo hivyo?"

Mfanyakazi wa kiwanda akagonga ubavu wa lori kwa kiganja, ishara kwamba tangi ni safi. Arlo hakugeuka.

"Brandt? Upo?"

"Nipo," akasema. "Bakisheni hivyo hivyo."

Akakata simu, akakaa. Yule mfanyakazi akagonga tena, mara mbili, akamwinulia mikono kuuliza kulikoni.

Jambo ambalo Arlo alilijua, na ambalo mbali na yeye alilijua Marlys peke yake katika dunia nzima, ni kwamba yeye mwenyewe hakujua kusoma. Si kwamba hakwenda shule. Alikwenda miaka kumi. Lakini herufi kwake zilikuwa kama kuku waliomwagiwa mahindi, ukimtazama mmoja wengine wameshahama. Alijifunza ujanja. Alisahau miwani. Alisema mkono unauma. Barua za benki, risala za kanisani, maandishi ya chupa za dawa, vyote vilipita kwa Marlys, na Marlys hakuwahi kumcheka wala kutoboa siri yake kwa mtu.

Na Brandt, alipokuwa na miaka saba, alikuwa anakaa pale mezani na kitabu cha picha ya bata, akilia machozi juu ya sentensi moja. Mwalimu wake alileta karatasi nyumbani: anaomba ruhusa mtoto apimwe, huenda ana shida ya kusoma inayoweza kusaidiwa. Ilitakiwa saini ya mzazi tu. Marlys alikuwa ameshashika kalamu. Arlo aliichukua ile karatasi, akaikunja mara nne na kuitia ndani ya jiko la kuni.

"Kwenye nyumba hii hakuna mjinga," alisema. Kisha akamgeukia mtoto. "Acha kulialia. Watoto wa darasa la kwanza wanakupita. Unataka watu waseme nini?"

Hakusema hayo kwa ukatili, au ndivyo alivyojiambia kwa miaka kumi na miwili. Alisema kwa hofu, kwa kuwa alijiona yeye mwenyewe amekaa pale na kile kitabu cha bata. Lakini mtoto haoni hofu ya baba yake. Anasikia maneno. Na sasa maneno yale yalikuwa yamekaa ndani ya faili la chuo, yamefupishwa kuwa mawili: hasa baba.

Hakumwambia Marlys kwamba amepiga simu. Alimwambia tu, "Acha wasiwasi, mtoto anasoma. Moyo wangu unanituma hivyo," na Marlys akalala usingizi wa kwanza baada ya wiki nyingi, jambo lililomfanya Arlo ajione mwizi aliyesifiwa kwa ulinzi.

Brandt alikuja mwishoni mwa Novemba, msimu wa kuwinda, akae mpaka Sikukuu ya Shukrani. Siku ya pili akaangusha kulungu dume. Jioni yake baba na mwana walikuwa bandani wakimchuna, kazi waliyoizoea, isiyodai maneno mengi. Arlo alikuwa amekusudia kusema neno la upendo. Siku tatu alilitafuta, akaligeuza, akalipima. Alitaka kijana ajue kwamba baba yake anajua, na kwamba si neno. Lilipotoka, likatoka hivi:

"Yule msomaji mpya wa Alhamisi, mnaelewana?"

Kisu cha Brandt kikasimama.

"Umesema nani?"

"Nauliza tu. Si vibaya. Mimi sioni vibaya."

"Nani kakwambia habari za msomaji?" Uso wa kijana ulikuwa umeingia wekundu mpaka masikioni. "Baba. Nani kakwambia?"

Hapa ndipo palipokuwa na mlango. Arlo aliuona wazi kabisa, ungeweza kupitika kwa sentensi moja. Lakini mtu mzima akifumaniwa na mwanawe huwa mdogo kuliko mwanawe, na mdogo hukimbilia penye giza.

"Nilipiga chuoni," akasema. "Nikauliza kama baba yeyote. Nikajitaja jina langu. Yule binti wa mapokezi akanisomea yote mwenyewe, wala sikumlazimisha. Sijui, labda ni mgeni kazini."

Alibadilisha kitu kimoja tu katika habari yote, jina alilolitaja. Mengine yalikuwa ya kweli.

Brandt alifuta kisu kwenye suruali, akakiweka juu ya benchi kwa uangalifu, kama kitu cha mtu mwingine. "Kwa hiyo umejua tangu lini? Tangu kabla sijaja? Umekaa na mimi porini siku mbili unaniangalia hivyo?"

"Kukuangalia vipi?"

"Hivyo unavyoniangalia sasa hivi."

Kesho yake asubuhi gari lake halikuwepo. Sikukuu ya Shukrani bata mzinga aliliwa na watu watatu: Arlo, Marlys na Gordy, kaka yake Marlys, mtu wa maneno mengi ambaye hakuna habari iliyowahi kuingia sikioni mwake ikakosa kutokea mdomoni. Marlys akamweleza kwa kifupi, kama Arlo alivyomsimulia, kwamba binti mmoja wa chuo alitoa habari za Brandt zisizomhusu mtu, na Brandt amekasirika. Habari zenyewe ni zipi hakuzijua, kwa hiyo hakuzitaja. Gordy akapiga meza. "Wamfukuze huyo! Mpwa wangu si gazeti!" Arlo akaomba apewe viazi.

Baada ya wiki moja Brandt akampigia mama yake. Arlo alikuwa amekaa mezani, akasikia upande wa Marlys peke yake: "Eeh... Eeh... Maskini... Basi vizuri." Alipokata simu, Marlys alibaki ameishika.

"Alipeleka malalamiko," akasema. "Wamempata yule binti. Kompyuta inaonyesha alifungua faili la Brandt siku hiyo saa sita na dakika kumi, na simu ya ofisi inaonyesha namba yako. Wamemsimamisha kazi. Lakini anakana."

"Anakana nini?"

"Anaapa kwamba aliongea na Brandt mwenyewe. Anasema mwanafunzi alijitaja jina, akatoa namba yake, tarehe ya kuzaliwa, kila kitu. Kosa lake, anasema, ni kwamba alimwonea huruma akaruka hatua moja. Hawamwamini. Wanamwona mwongo, maana namba iliyopiga ni ya baba, na baba mwenyewe amemwambia mwanawe kwamba alijitaja jina lake." Marlys aliweka simu chini. Akamtazama mumewe, na Arlo akaona lile wazo likija usoni kwake polepole, kama mtu anayetembea kuelekea nyumbani kutoka mbali. "Baba Brandt. Yule kocha wa mieleka alikugombeza muda gani siku ile?"

Arlo akainamia meza.

"Ulijitaja jina gani?"

"Marlys..."

"Ulijitaja jina gani, Arlo?"

"La kwake."

Marlys hakupiga kelele, na Arlo angeshukuru kama angepiga. Alivuta kiti akakaa mbali kidogo, upande wa pili wa meza.

"Miaka ishirini na sita nimekusomea," akasema. "Sijamwambia mtu. Hata mama yangu alikufa hajui. Nilidhani nakufichia kitu kidogo." Akafuta meza kwa kiganja. "Huyo binti ana mama yake mahali fulani, na mama yake leo anamtazama mtoto aliyeitwa mwongo. Jumatatu utakwenda chuoni."

"Nitasema nini?"

"Utajua hukohuko. Huku nyumbani umeshasema vya kutosha."

Jumatatu alimpa mwenzake zamu ya lori, akaendesha saa mbili hadi Marl Ridge. Kwenye mapokezi ya Huduma za Wanafunzi alikuwapo mzee mmoja mwenye sweta la kahawia, akamsukumia ubao wenye karatasi na kalamu iliyofungwa kwa uzi.

"Jaza hapo, bwana. Jina, unataka kumwona nani, na sababu."

"Nimesahau miwani," Arlo akasema, upesi kama mtu anayepiga chafya.

"Hilo si tatizo." Mzee akatoa kikapu chini ya meza. Kilikuwa kimejaa miwani ya kila rangi, kwa ajili ya watu waliosahau ya kwao. "Chagua."

Nyuma yake palikuwa na watu wawili kwenye foleni. Arlo akachukua miwani, akavaa, akaitazama ile karatasi. Herufi zikatawanyika kama kawaida yao, sasa zikiwa kubwa zaidi. Jasho likamtoka chini ya kofia. Akavua miwani, akairudisha kikapuni.

"Sijui kusoma," akasema.

Hakuwahi kutamka maneno hayo kwa mtu asiye mkewe. Alingoja kitu kianguke. Mzee wa sweta akageuza ubao upande wake, akaivuta kalamu.

"Haya, nitajie mimi niandike," akasema. "Jina?"

Ikawa hivyo tu. Wale wa nyuma waliendelea kutazama simu zao. Arlo alisimama pale akihesabu miaka, na hesabu, ambayo ndiyo fani yake, ikamuumiza kuliko kicheko chochote.

Mkuu wa ofisi aliitwa Roberta Quillen, mwanamke mwembamba mwenye nywele za kijivu, na mara alipofungua mdomo Arlo akamtambua: ndiye aliyemjibu ile simu ya kwanza. Alimweleza yote akiwa amesimama. Kitambulisho cha droo, simu iliyoanguka majini, tangi lililokuwa linaoshwa. Akamweleza hata alivyoulizwa juu ya fomu, na alivyojibu kwa niaba ya mwanawe kwamba ibaki hivyo hivyo. Hapo mama Quillen akaacha kuandika kwa muda.

"Kwa hiyo Mai See hakudanganya," akasema.

"Hata neno moja. Mwongo ni mimi."

"Aliruka hatua, Bwana Skogen. Hilo bado lipo."

"Aliiruka kwa sababu nililia, mama. Na nililia kweli. Sijui kama hiyo inafanya iwe afadhali au mbaya zaidi."

Mama Quillen hakumsaidia kuamua. Akaandika maelezo yake kwenye karatasi, akamsomea kwa sauti, polepole, bila kulainisha kitu. Kusikia matendo yako yakisomwa na mtu mwingine ni jambo jingine kabisa. Arlo alitamani kukatiza kila sentensi aongeze kisingizio, na hakupata hata kimoja kinachosimama. Akatia saini, hiyo alijua.

"Atarudishwa kazini?" akauliza.

"Hilo ni jambo lake. Siwezi kukuambia."

"Lakini nimekuja kwa ajili yake."

"Najua. Na bado siwezi." Safari hii kulikuwa na upole kidogo. "Unaweza kumwachia ujumbe. Nitamuuliza kama anautaka."

Arlo akamwambia aandike: Ulinionea huruma nikaitumia kukuibia. Samahani. Akafikiri aongeze, akaona hakuna.

Brandt alikubali kuonana naye nje ya bweni. Theluji nyepesi ilikuwa inaanguka. Hakumkaribisha ndani.

"Mama kashaniambia," kijana akasema kabla Arlo hajaanza.

"Nilitaka uisikie kwangu."

"Haya. Sema."

Akasema. Alipofika kwenye lile swali la fomu, Brandt akageuza uso, akatazama maegesho.

"Kwa hiyo hata hilo ulijibu wewe," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi nimemfanya mtu asimamishwe kazi. Nilisimama mbele ya Mama Quillen nikasema yule dada ni mwongo. Kwa neno lako."

"Najua, mwanangu."

"Usiniite hivyo leo."

Arlo akatikisa kichwa kukubali. Alibakiwa na jambo moja, na lilikuwa zito kuliko mengine yote, labda kwa sababu hakuna aliyemlazimisha kulisema.

"Ile karatasi ya mwalimu wako niliyoitia kwenye jiko," akaanza. "Sikuisoma. Mama yako ndiye alinisomea. Mimi siwezi kusoma, Brandt. Sijawahi. Nilikuwa naona wewe umenifuata mimi, nikaogopa."

Arlo alikuwa ametarajia kwamba hapo kitu kitalegea, kwa kuwa njiani alikuwa amejiahidi hivyo. Hakikulegea.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua," kijana akasema polepole. "Wengine walionicheka hawakujua inavyokuwa. Wewe ulikuwa unajua kabisa ilivyo, na ukaniambia watoto wa darasa la kwanza wananipita."

"Ndiyo."

"Nilikuwa na miaka saba, baba."

Arlo alikuwa ameshajifunza jibu la haraka linavyogharimu. Brandt akavuta kofia ya koti kichwani, akasema ana darasa, akaenda. Hakukuwa na darasa, ilikuwa saa saba na wanafunzi wote walikuwa wanakula.

Kabla ya Krismasi mama Quillen akapiga simu. "Mai See ameupata ujumbe wako. Amesema nikuambie ameupata. Hakuna jibu."

"Sawa, mama. Asante." Arlo akajizuia asiulize kama binti yuko kazini, akahisi mama Quillen naye anasikia kwamba amejizuia.

Aliyemjulisha ni Brandt, kupitia mama yake, mwezi Februari. Binti amerudi, yuko dirisha lile lile. Brandt alikwenda kumwomba radhi, akaweka mikono juu ya kaunta na kusema, "Habari, naitwa Brandt Skogen." Binti alikuwa ameinama anaandika. Aliposikia ile sauti alishtuka, kalamu ikamtoka mkononi. Kisha akamwomba kitambulisho, akakitazama mbele na nyuma, akamtazama na yeye, akatazama kitambulisho tena.

"Niliona mwenyewe, mama," Brandt alimwambia Marlys. "Alikuwa ananiogopa mimi. Sauti yangu."

Marlys alimpelekea Arlo maneno hayo kama alivyoyapokea, bila kupunguza.

Ijumaa ile walikwenda kula samaki kwenye baa ya Hjelmer, kama kila Ijumaa. Baa ilijaa: wakulima wa njia yake ya maziwa, wake zao, mchungaji na brandi yake. Gordy alikuwa ameshachangamka, na mwenzake mmoja alipolalamika kuhusu ofisi za serikali zinazopoteza barua, Gordy akapata nafasi.

"Barua si kitu! Muulizeni shemeji hapa. Kale kabinti ka chuoni kalivyomwaga habari za mpwa wangu kwenye simu, bila hata kuuliza nani anaongea. Na wamekarudisha kazini! Hebu waambie, shemeji."

Meza nzima ikamgeukia Arlo. Gordy alikuwa ameisimulia hadithi hiyo humo ndani tangu Novemba, na Ijumaa zote hizo Arlo alikuwa ameinamia sahani.

"Binti aliuliza," Arlo akasema.

"Eeh?"

"Aliuliza nani anaongea. Nikamwambia mimi ni Brandt. Nilijifanya mwanangu, nikamtajia namba zake, nikamdanganya. Halafu nikamdanganya na Brandt, nikasema kosa ni la binti. Akasimamishwa kazi kwa ajili yangu. Yeye hakufanya hayo unayoyasema, Gordy. Ni mimi."

Mke wa mchungaji akaweka uma chini. Mzee Hofstad, ambaye Arlo alivuta maziwa yake kila siku kwa miaka kumi na tisa, alianza kutazama bilauri yake kama anayesoma kitu ndani.

"Habari zenyewe zilikuwa nini basi?" Gordy akauliza, kwa kukosa la kusema.

"Hizo si zangu kusema."

Alikuwa amekusudia kuongeza lile la pili, la kusoma. Alilileta mpaka kwenye meno. Akatazama zile nyuso, akaona kwamba kwa Ijumaa moja amefika mwisho wa ujasiri wake, akalimeza. Hofstad akakohoa, akasema barafu ya ziwani mwaka huu haiaminiki, gari la mtu aliyekuwa akipita juu yake limezama juzi. Watu wakaishika ile habari ya barafu kwa shukrani kubwa.

Njiani Marlys aliendesha. Walipita mashamba matatu.

"Samaki alizidi chumvi," akasema hatimaye.

"Alizidi," Arlo akakubali.

Jumatatu katika mashamba yake kumi na moja wawili hawakutoka kumsalimia. Hofstad alitoka, akasimama karibu na bomba kama kawaida, akaongea habari za ng'ombe, macho kwenye ng'ombe.

Brandt alikuja Pasaka. Mwaka uliopita alikaa siku nne. Mwaka huu alifika saa tano asubuhi, akala nyama ya nguruwe na viazi, akamsaidia mama yake kuosha vyombo, akaondoka saa tisa. Masomo hakuyataja na Arlo hakuyauliza. Alimsindikiza hadi kwenye gari, akasimama na mikono mifukoni. Brandt akashusha kioo kidogo, akasema theluji ya barabara kuu imeyeyuka yote, kisha akakipandisha.